Koti la Taifa

"Nakuuliza kwa mara ya sita, Mama. Hili koti ni jipya au ni kuukuu?"

"Na mimi nakujibu kwa mara ya sita, mwanangu. Koti ni jipya. Kitambaa chake ni kikuukuu."

"Fomu haina nafasi ya jibu hilo."

"Basi iongeze nafasi."

"Nafasi haiongezwi na mtu wa daraja langu," alisema Afisa Mtengeti, akajifuta jasho kwa bahasha ya serikali. "Hapa kuna visanduku viwili. Kimoja cha mpya, kimoja cha kuukuu. Tia tiki kwenye kimoja tu, niende zangu."

"Nikitia tiki kwenye mpya?"

"Nitakuomba cheti cha kuzaliwa cha nguo."

"Nikitia kwenye kuukuu?"

"Nitalichukua koti na cherehani pia, kwa kosa la kubadilisha nguo kuukuu kinyume cha sheria."

"Nisipotia popote?"

"Lakiri inabaki hapo hapo ilipo, na kesho nitarudi."

Zamoyoni aliitazama lakiri, ile nta ya mhuri wa serikali. Ilikuwa nyekundu, kubwa kama andazi, imeshika kamba iliyozungushwa kwenye gurudumu la cherehani yake na kufungwa mafundo matatu. Ilikuwa na siku kumi na moja. Siku hizo zote alishona kwa mkono, na shughuli ya dakika kumi ilimla asubuhi nzima. Gauni la bibi harusi mmoja lilikuwa limefika kiunoni tu, na harusi yenyewe ilikuwa Jumapili. Sare za shule za watoto wa watu zilikuwa zimekunjwa kwenye kikapu, hazina mikono. Wateja walikuwa wameanza kupita upande wa pili wa njia wakijifanya hawamwoni, ili wasimwaibishe, na wengine walikuwa wameshapeleka vitambaa vyao kwingine. Cherehani ilikuwa moja. Watoto walikuwa watatu, na baba yao alikwenda kutafuta kazi nchi ya jirani mwaka ule mvua zilipozidi, akaipata, akabaki nayo.

"Mwanangu," alisema, "hilo shati ulilovaa ni jipya au ni kuukuu?"

Mtengeti alishusha kidevu taratibu. "Shati langu halihusiki."

"Nauliza tu. Kola yake niligeuza mimi, mwezi wa tatu. Ilikuwa imechanika upande wa nje, nikaifumua, nikaigeuza, nikairudishia. Mkeo ndiye aliyelileta."

Kwenye kibanda cha jirani, Nyamizi, mama mpiga pasi, alicheka kwa pua bila kuinua macho kwenye pasi yake ya mkaa. Mtengeti alifunga kifungo cha juu cha koti lake la kazi, ingawa jua lilikuwa la saa tano.

Hapa inabidi kueleza kidogo, maana msomaji wa nchi nyingine, ambako mambo yamenyooka, anaweza asielewe.

Katika nchi hii, ambayo haina jina kwa sababu kamati ya jina bado inakutana, kuna Sheria ya Heshima ya Mavazi. Ilipitishwa kwa kauli moja na wabunge ambao siku hiyo, bila mmoja kujua ya mwenzake, walikuwa wamevaa mitumba ya daraja la kwanza. Sheria inasema taifa si jalala la nguo za watu wa mbali, na kwa hiyo nguo kuukuu ni marufuku kuuzwa, kununuliwa, kukatwa wala kubadilishwa. Inasema pia kwamba kila nguo mpya lazima iwe na cheti cha kuzaliwa kutoka Kiwanda cha Taifa cha Nguo.

Kiwanda hicho kilifungwa miaka kumi na tisa iliyopita kwa ajili ya ukarabati mdogo. Meneja wake yupo, pamoja na katibu muhtasi, dereva na walinzi wanne, na kila Jumatano husaini vyeti vya kuzaliwa. Nguo zenyewe bado hazijazaliwa, lakini vyeti vyao ni vizuri sana, vina mhuri na picha ya pamba. Magodauni ya kiwanda nayo hayakai bure. Ndimo inamohifadhiwa mitumba yote iliyokamatwa, na inatoka kwa mlango wa nyuma usiku wa kuamkia kila gulio.

Mtu akihesabu vizuri ataona kwamba, kwa mujibu wa sheria, wananchi wote walipaswa kuwa uchi. Lakini serikali ni ya watu, na maafisa waliagizwa wasiangalie sana. Wenye mitumba waliiita mitumba na wenye vyeti waliviita vyeti, na kila mtu alikwenda zake. Shida ilikuwa kwa watu kama Zamoyoni, ambao nguo zao zilikuwa hazikai kwenye kisanduku chochote.

Yeye alinunua daraja la tatu, yale mabaki ya chini ya robota baada ya wenye macho makali kupita. Shati lenye wino kifuani, suruali iliyopasuka makalioni, gauni lililoungua pasi. Stashahada yake ya ushonaji, miaka miwili chuoni, ilimfundisha kuchora sketi kwenye karatasi ya khaki. Mengine alifundishwa na nguo zenyewe. Nguo humfuata mwenyewe inavyochakaa: anayeandika humaliza kiwiko cha kulia, dereva humaliza makalio, mwenye wasiwasi humaliza pindo za mikono. Lakini mkia wa shati, ule unaochomekwa ndani ya suruali, haujawahi kuona jua. Rangi yake ni ile ile ya dukani. Kwa hiyo Zamoyoni alikuwa akikata mikia ya mashati kumi akapata gauni la mtoto, na hakuna aliyewahi kujua gauni lile lilikuwa limekaliwa miaka mitano na mahasibu wa nchi za baridi.

Koti lenyewe alijishonea harusi ya dada yake. Alitumia suruali tatu za kaki, mashati mawili ya mistari, na pazia la kijani lililokuwa limefubaa upande wa dirisha tu. Mfuko wa nyuma wa suruali mojawapo aliuacha kama ulivyo, akauhamishia kifuani. Ulikuwa na alama hafifu ya funguo za mtu, na akaipenda.

Kwenye harusi hiyo alikuwepo Mheshimiwa Daktari Msimbe.

Daktari Msimbe ni mwenyekiti wa Kamati ya Kutafuta Vazi la Taifa. Kamati yake ilikuwa imelitafuta kwa miaka kumi na minne, katika nchi ishirini na mbili, hasa zenye fukwe. Ripoti yake ya mwisho, yenye kurasa mia saba, ilipendekeza kwamba vazi la taifa litafutwe ndani ya taifa. Serikali iliipongeza kamati kwa ujasiri huo na kuiongezea miaka miwili. Na sasa, kati ya pilau na keki, mwenyekiti akaliona vazi likipita limebeba sinia la soda.

Mambo yakaenda mbio. Koti likaazimwa, likapigwa picha mbele na nyuma, likapigiwa kura, likatangazwa redioni. Ilisemwa kwamba kijani ni misitu yetu, kaki ni udongo wetu, mistari ni mito yetu, na mfuko wa kifuani ni ukarimu wetu. Hakuna aliyeuliza kitambaa kimetoka wapi. Koti likarudishwa kwa Zamoyoni pamoja na barua ya kumtunuku nishani ya ubunifu na kumwagiza: lifuliwe, lipigwe pasi, na kabla ya Siku ya Taifa, Jumamosi, yashonwe mengine mia tatu na sitini, yanayofanana nalo kabisa, kwa ajili ya viongozi wa daraja la tano kwenda juu.

Zamoyoni alijibu kwa barua fupi kwamba haiwezekani. Robota la mitumba halitoi suruali mbili zilizochakaa sawasawa. Kila koti litakuwa la peke yake.

Wizara yenye Kamati hiyo ililichukulia jambo hilo kwa uzito. Iliziandikia nchi za ng'ambo, kwa njia za kibalozi, ikiwaomba raia wa nchi hizo wavae suruali za kaki za aina moja kwa miaka mitatu mfululizo, wakae juu yake kwa wastani unaolingana, kisha wazitoe sadaka kwa wakati mmoja. Nchi hizo bado hazijajibu. Wizara inaamini zinakusanya maoni ya wananchi wao.

Siku hiyo hiyo picha ya koti ilipotoka gazetini, Idara ya Upya na Ukuukuu iliutambua ule mfuko wa kifuani kuwa ni mfuko wa makalioni. Ikamtuma Afisa Mtengeti na lakiri. Idara na Kamati ziko ghorofa moja, milango inatazamana, lakini hazijasemeshana tangu zilipogombania feni. Ndiyo maana mwanamke mmoja alikuwa amepata, kwa barua mbili zenye tarehe moja, nishani ya ubunifu na shitaka la uhujumu.

Saa sita kasoro, magari matatu yaliingia kwenye njia ya vibanda ambayo mkokoteni wenyewe hupita kwa kuomba radhi. Nyamizi alisogeza meza yake ya pasi bila kuambiwa. Daktari Msimbe alishuka, mwanamke mrefu mwenye miwani ya mnyororo, na nyuma yake wajumbe wanne wa kamati na katibu mwenye daftari.

"Bi. Zamoyoni," alisema, "kabla ya yote, nakuletea salamu za shukrani za taifa."

"Zimefika. Karibuni. Kiti ni kimoja, amekikalia afisa."

Mtengeti aliinuka haraka. Daktari Msimbe hakumtazama, kwa sababu ya feni. Hakukaa pia. Alikuwa na hotuba, na hotuba husomwa kwa kusimama.

"Wananchi wenzangu," alianza, akiwatazama Zamoyoni na Nyamizi na kuku mmoja, "taifa lisilo na vazi ni kama taifa lisilo na ngozi. Leo, kupitia mikono ya mama huyu wa kawaida, mnyenyekevu, asiye na elimu kubwa..."

"Nina stashahada," alisema Zamoyoni.

"...asiye na elimu kubwa sana, historia imejipimia mabega yake. Tumepokea taarifa za kusikitisha kwamba wapo wanaodai koti hili ni la mitumba. Kamati imelijadili dai hilo kwa siku tatu, katika hoteli, na kuamua kwamba si kweli. Kilichobaki ni kuufanya uamuzi huo uwe ukweli." Alinyoosha mkono, na katibu akaweka karatasi juu ya cherehani, karibu na lakiri. "Utasaini hapa. Ni tamko dogo tu, kwamba vitambaa vyote vimetoka Kiwanda cha Taifa. Meneja ameshasaini cheti cha kuzaliwa. Afisa huyu ataondoa kamba yake, utateuliwa Fundi Mkuu wa Taifa, na Jumamosi Mheshimiwa Mkuu atalivaa koti mbele ya mabalozi."

Zamoyoni alisoma tamko lote, hata maandishi madogo ya chini. Hakuna mtu aliyewahi kufanya hivyo mbele ya kamati, na wajumbe walianza kutazama saa.

"Hapa panasema yeyote atakayeshona nguo ya namna hii kwa kitambaa kisicho cha kiwanda atakuwa ameghushi vazi la taifa."

"Ni kulinda ubunifu wako."

"Miaka saba jela."

"Ulinzi madhubuti."

"Njia hii nzima tunashona namna hii," alisema Zamoyoni. "Yule pale anatoa mikoba kwenye jinzi. Yule wa mwisho anashona vikoi vya kuunga. Nyamizi huyu anazipigia pasi."

"Mimi miaka mingapi?" Nyamizi aliuliza.

"Mpiga pasi ni msaidizi wa kosa," alisema katibu, ambaye alikuwa na moyo mzuri na alipenda kujibu. "Mitatu na nusu."

"Afadhali. Nitatoka mapema nikuletee uji, shoga."

"Na hayo mia tatu na sitini?" Zamoyoni aliendelea. "Nikishasaini, nitayashona kwa kitambaa gani?"

"Cha kiwanda."

"Kiwanda hakina kitambaa."

Daktari Msimbe alivua miwani, ikabaki inaning'inia kwenye mnyororo. Kwa mara ya kwanza sauti yake ilishuka na kuwa ya mtu. "Dada yangu, sote tunajua. Mimi nina binti anayeolewa, nimechoka kusafiri, nataka jambo hili liishe. Saini. Hayo mengine yataundiwa kamati."

Zamoyoni alimwamini. Ndilo lililomchosha zaidi. Angekuwa mtu mbaya, ingekuwa rahisi. Lakini kila aliyewahi kufika hapo na karatasi alikuwa mtu mwenye binti au mwenye mke, mwenye shati lililogeuzwa kola, aliyeombwa na mtu mwingine aliyechoka vilevile. Akisaini, angekuwa na cherehani na asingekuwa na majirani. Na Jumatatu wangekuja kuuliza makoti yako wapi. Asiposaini, lakiri ingekaa mpaka cherehani ikaota kutu. Alikaa chini kwenye mkeka, akanyoosha miguu iliyokuwa ikimuuma tangu alfajiri, akalitazama koti kwenye henga.

"Afisa," alisema, "nisomee tena. Lakiri inawekwa kwa sababu gani?"

Mtengeti alifurahi kuulizwa kitu anachokijua. Alifungua kitabu chake cha kanuni. "Kanuni ya kumi na nne. Lakiri itawekwa pale tu penye kidhibiti. Kidhibiti ni nguo iliyobadilishwa. Bila kidhibiti hakuna jalada, na bila jalada hakuna lakiri. Afisa atakayekutwa na lakiri isiyo na jalada atatoa maelezo kwa maandishi, nakala nane." Alipapasa kidole chake cha kuandikia, kama mtu aliyewahi kuziandika.

"Na nguo ni kitu gani?"

"Nguo, kwa madhumuni ya sheria hii, ni kitu chochote chenye matundu mawili au zaidi ya kupitishia viungo vya mwili."

"Kipande cha kitambaa je?"

"Kina matundu?"

"Hakina."

"Basi hicho ni kitambaa tu. Kitambaa hakina idara. Ilipendekezwa iundwe, bajeti ikaisha."

Zamoyoni aliinuka, akalishusha koti, akakaa nalo mapajani. Akatoa wembe kwenye kopo la vifungo, akauvunja katikati, akafunga nusu kwa kitambaa ili usimkate.

"Anarekebisha pindo," Daktari Msimbe aliwaambia wajumbe kwa kunong'ona, kwa heshima. "Fundi wa kweli haridhiki."

Zamoyoni alianza na mkono wa kulia. Aliingiza ncha ya wembe kwenye mshono, akakata uzi mmoja, akaruka mitatu, akakata mwingine, kisha akauvuta uzi wote kwa mkupuo mmoja. Mkono ukatoka. Akaufumua na mshono wake wa chini mpaka ukalala bapa, akauweka pembeni. Ukatoka na wa kushoto.

"Bi. Zamoyoni," alisema mwenyekiti, "hayo marekebisho ni makubwa kidogo."

Zamoyoni aliendelea kufumua. Alifika kwenye bega la kushoto, ambalo wakati wa kushona lilikataa kukaa mpaka alipolirudia mara nne, mara ya nne akiwa anasema nalo kama na mtoto. Halikuwa na mkunjo hata mmoja. Hakuwahi kushona kitu kizuri hivyo, na kwa jinsi anavyoijua mitumba alijua hatakutana tena na kaki ile, wala na pazia lile, wala na zile funguo za mtu asiyemjua. Alilishika kidogo. Kisha akatia wembe.

Mjumbe mmoja alisema hiyo ni hujuma. Mwingine akasema ipigwe kura. Wakapiga, wawili kwa wawili, na mwenyekiti mwenye kura ya uamuzi alikuwa amekitazama kile kiganja kinachofanya kazi, akasahau kuinua mkono wake. Kola ikatoka. Mgongo ukatoka. Mfuko wa kifuani ukatoka, ukaacha alama ya kaki iliyokolea mahali ulipokuwa.

Dakika ishirini baadaye kulikuwa na vipande kumi na saba juu ya mkeka, vimepangwa, na rundo dogo la nyuzi.

"Mwanangu," alisema Zamoyoni, "kagua. Tundu moja moja."

Mtengeti alipiga magoti. Aliinua kila kipande, akakitazama kwa upande huu na huu, mpaka wa mwisho. Kazi ilikuwa imefanywa kwa uangalifu, na yeye pia aliifanya yake kwa uangalifu. Alipoinuka alitazama kitabu chake, akatazama lakiri, akafikiria nakala nane.

"Hakuna kidhibiti," alisema.

Akatoa kisu kidogo cha kufungulia bahasha, akabandua lakiri kwenye gurudumu, akaanza kufungua mafundo matatu. La tatu lilimshinda na Nyamizi akalifungua kwa meno.

"Na taifa?" aliuliza Daktari Msimbe. Hakuwa na hasira. Alionekana kama mtu aliyepotewa na mzigo alioubeba miaka kumi na minne, na hajui mikono aiweke wapi. "Jumamosi Mheshimiwa Mkuu atavaa nini?"

"Alichovaa jana, Mheshimiwa. Koti la taifa hilo hapo kwenye mkeka. Chukua vipande unavyovitambua. Ila usogee kidogo upande wa kule, unanizibia mwanga."

Mwenyekiti akasogea. Zamoyoni alivuta kiti, akapitisha uzi kwenye sindano, akaweka gauni la bibi harusi chini ya mguu wa cherehani pale kwenye kiuno lilipoishia, akakanyaga.